Nchi Isiyo na Jina: Askari Mtoto na Mkono Unaofichwa

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi ya Kiafrika muhula uliopita tuliijadili riwaya ya Uzodinma Iweala iitwayo Beasts of No Nation, iliyotoka mwaka 2005. Mwenzetu mmoja akauliza, "Jamani, hii ni nchi gani?" Kukawa kimya. Kisha mwingine akajibu kutoka nyuma, "Si Afrika tu!" Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Semina ikaendelea na mambo ya fani: nafsi ya kwanza, njeo, taswira na kadhalika.

Lakini jibu lile limenikaa kichwani hadi leo. Afrika tu! Kana kwamba mtoto kushikishwa bunduki ni hali ya hewa ya bara letu, inakuja na kuondoka kama masika. Masika hayana mwenyewe, na hakuna anayeweza kuyapeleka mahakamani.

Makala haya yanakusudia kulirudia swali la mwenzetu na kulijibu kwa uzito linaostahili. Hoja yangu ni hii: katika fasihi ya askari watoto kuna majina mawili yanayoweza kufichwa. La kwanza ni jina la mtendewa, la pili ni jina la mtenda. Kulificha la kwanza ni kumlinda mtoto. Kulificha la pili nako ni kulinda, ila hapo anayelindwa ni mwingine kabisa. Nitaonyesha kwamba desturi ya kumficha mtenda haikuanza na waandishi wa leo. Ina mizizi katika ukoloni, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kwa hiyo nitaanzia Kongo, nitakwenda Afrika Magharibi zilikotoka riwaya mbili ninazozihakiki, halafu nitarudi Kongo kwa sababu ya neno moja la Kiswahili.

Kijana mwenye uzi mweupe

Joseph Conrad alifika Kongo mwezi Juni 1890 kufanya kazi katika meli za mtoni, akaondoka kabla ya mwaka kwisha. Heart of Darkness ikachapishwa mwaka 1899. Chinua Achebe alikwishaikosoa riwaya hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1975, kwamba imewageuza Waafrika kuwa mandhari. Sote tunaukariri mhadhara huo wakati wa mitihani, kwa hiyo sitaurudia. Nataka kuongeza jambo moja tu. Riwaya ile haitaji jina la Kongo hata mara moja. Haimtaji Leopold. Hata Brussels, mji ambako mipango yote ilipangwa, haukutajwa kwa jina.

Sasa hebu tumtazame mhusika mmoja ambaye wahakiki humpita haraka. Ni kijana, karibu mtoto, anayekufa chini ya miti pamoja na vibarua wengine. Shingoni amefunga uzi mweupe. Marlow anampa biskuti. Kisha anajiuliza uzi ule ni wa nini: ni hirizi, ni pambo, au ni nini? Anajiuliza mwenyewe, yule kijana hamuulizi. Hamuulizi jina lake wala nani aliyemleta pale. Huruma ya Marlow inaishia kwenye biskuti.

Tarehe 12 Julai 1890, Conrad akiwa njiani kwa miguu kutoka Matadi kwenda Kinshasa, ilitolewa amri katika dola hiyo ya Leopold. Amri ilisema kwamba watoto yatima, waliotelekezwa au waliokombolewa kutoka utumwani watakuwa chini ya ulezi wa serikali. Ukiisoma haraka utasema, Alaa, huyu mfalme alikuwa na huruma! Huo ndio ujanja wake.

Ulezi wa mfalme

Tukumbuke mazingira. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885 ulimwezesha Leopold kuimiliki Kongo kama shamba lake binafsi, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga maisha yake yote. Ili ailinde na kuichuma alihitaji jeshi. Jeshi hilo, Force Publique, mwanzoni lilitegemea sana askari wa kukodi kutoka Unguja na Afrika Magharibi, na askari wa kukodi ni gharama. Ndipo yakaanzishwa makoloni ya watoto, kama yale ya Boma na Nouvelle-Anvers, ambako wavulana walifundishwa kwata na nidhamu ya kijeshi chini ya mapadri wa Kibelgiji. Mwenyewe Leopold aliwaandikia watendaji wake mwaka huohuo wa 1890 kwamba lengo la makoloni hayo, kuliko yote, ni kumpatia askari.

Je, yatima hao walitoka wapi? Wengi waliokotwa baada ya vijiji vyao kushambuliwa na jeshi lenyewe la dola. Walitembezwa mwendo mrefu hadi kwenye makoloni hayo na wengine walikufa njiani. Kwa maneno mengine, mkono uliomfanya mtoto kuwa yatima ndio uliojitangaza kuwa mlezi wake, na mlezi huyo ndiye aliyemkabidhi bunduki. Hapa msomaji asimame kidogo. Utaratibu huu wa hatua tatu, yaani kumwondolea mtoto wazazi, kujifanya mzazi, kisha kumvisha sare, ndio tutakaoukuta karne moja baadaye katika riwaya za askari watoto. Wanaosema kwamba jambo hili ni ushenzi wa Kiafrika uliotoka porini waisome ile amri. Iliandikwa ofisini, kwa kalamu na kwa lugha ya sheria.

Jeshi hilohilo ndilo lililowalazimisha wananchi kuleta mpira, na askari wake walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwa wakubwa kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1903 Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko, alisafiri kukusanya ushahidi. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Lakini wakubwa wake kule London walikuwa wameondoa majina ya watu na ya mahali, wakaweka herufi. Casement alikasirika sana. Unaweza kukubali kwamba shahidi aliyekatwa mkono afichwe, maana anaishi chini ya walewale waliomkata. Lakini kwa nini afichwe na aliyeamuru? Ripoti ile iliwafunika mtenda na mtendewa kwa shuka moja, na shuka hilo fasihi imeendelea kulirithi.

Agu na Kamanda wake

Sasa twende kwa Iweala. Mwandishi huyu alizaliwa Marekani mwaka 1982 na wazazi wa Kinigeria. Wengi wetu, tuseme ukweli, tuliitazama filamu ya mwaka 2015 kabla ya kukishika kitabu. Katika riwaya, mtoto Agu anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa, vitenzi vyake vyote vikiwa katika hali ya kuendelea, kama mtu ambaye jana yake haijaisha. Ni mbinu nzuri sana. Agu alikuwa mtoto wa mwalimu, alipenda kusoma. Vita inafika kijijini, baba anauawa, mtoto anaokotwa na kikosi cha mtu anayeitwa Kamanda tu. Kamanda anamfundisha kuua, anamlisha, na usiku anamdhalilisha mwili wake. Nani atasoma kurasa hizo asitetemeke?

Sikatai uzuri wake. Wanaoitetea riwaya watasema kwamba kutotaja nchi kunatuingiza moja kwa moja ndani ya kichwa cha mtoto, kwa sababu mtoto wa umri huo hajui siasa. Watasema pia kwamba jina Agu ni la Kiigbo, maana yake chui, kwa hiyo mwenye masikio amekwishasikia. Ni hoja nzito. Lakini tuangalie jinsi majina yalivyogawanywa. Mtendewa ana jina. Mtenda ana cheo. Silaha haina kiwanda, vita haina chanzo, nchi haina mipaka wala tarehe ya uhuru. Tumebaki na mtoto mmoja, jitu moja na msitu. Ndiyo maana mwenzetu alijibu "Afrika tu", kwa sababu kitabu chenyewe hakikumpa jibu jingine.

Kuna kejeli nyingine hapa. Iweala aliazima jina la riwaya yake kutoka kwa Fela Kuti, aliyetoa santuri yenye jina hilo mwaka 1989. Fela alikuwa ametoka gerezani mwaka 1986 baada ya kufungwa na utawala wa kijeshi wa Nigeria, na hakuogopa kutaja mtu. Kwenye jalada la santuri walichorwa Botha, Reagan na Thatcher wakiwa na pembe. Wimbo wenyewe unawashambulia watawala wanaojidai kuwapa watu haki za binadamu kama zawadi, wakati haki hizo ni mali ya mtu tangu kuzaliwa. Kwa Fela, wanyama walikuwa ni watawala, tena kwa majina yao. Katika riwaya jina limebaki, watawala wametoweka, na neno "wanyama" limeachwa liwaangukie watoto wenyewe.

Tuangalie pia nani anayemsikiliza Agu. Mwishoni yumo katika kituo cha kuwarekebisha watoto, na mbele yake ameketi Amy, mwanamke kutoka Marekani. Kwake ndiko hadithi inakokwenda. Sina ugomvi na Amy, pengine ni mtu mwema. Lakini Marlow naye alikuwa na biskuti.

Birahima anataja

Ahmadou Kourouma wa Kodivaa alikwenda njia nyingine. Riwaya yake Allah n'est pas obligé, yaani Mungu halazimiki, ilitoka mwaka 2000 na kupata tuzo ya Renaudot mwaka huohuo. Mimi niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Mhusika mkuu, Birahima, ni mtoto anayemtafuta shangazi yake katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Ana kamusi nne, na kila akitumia neno gumu anatufafanulia, moja kwa ajili ya Mfaransa, jingine kwa ajili ya Mwafrika. Wengine wanaona kamusi hizo zinachosha. Ni kweli kwamba mahali pengine mzaha unarudiwa mno, na matusi yake ni mengi kuliko mahitaji. Lakini kamusi zina kazi. Mtoto asiye na kitu anashika silaha ya mkoloni, yaani lugha, na kuigeuza kuwa chombo cha kutajia.

Na kweli anataja! Anamtaja Charles Taylor, anamtaja Foday Sankoh, anawataja marais wa nchi jirani waliowasaidia. Anaeleza almasi zinavyopita mkono kwa mkono. Akifika Sierra Leone anasimama na kutusimulia historia ya nchi hiyo, tangu koloni la Waingereza na uhuru wa mwaka 1961 hadi vita vya mwaka 1991. Mhakiki anayetaka msuko laini atalalamika kwamba hapo riwaya imekuwa somo la historia. Mimi nasema hapo ndipo ilipokuwa riwaya, kwa sababu mtoto ameacha kuonekana kama aliyeota porini kama uyoga.

Kwa watoto wenzake waliouawa, Birahima anafanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Anawasomea tanzia. Kik amekanyaga bomu, Sarah amepigwa risasi, na kwa kila mmoja anasimama kueleza alikuwa nani na aliingiaje jeshini. Kik alirudi nyumbani akakuta wazazi na ndugu zake wameuawa wote. Tena Birahima hajitoi yeye mwenyewe. Anaianza hadithi kwa kujihesabia aibu zake moja, mbili, tatu, na anakiri kuwa ameua watu wasio na hatia. Hivyo amemtaja mtendewa, amemtaja mtenda, na anakubali kwamba mara nyingine hao wawili wamo katika mwili mmoja. Na anamsimulia nani? Anamsimulia binamu yake Mamadou, ndani ya gari, wakiwa safarini kurudi. Hadithi inabaki ndani ya ukoo kwanza, ndipo sisi wengine tunaisikia.

Kadogo

Nimeahidi kurudi Kongo kwa sababu ya neno moja. Mimi nimekulia Kigoma. Marehemu bibi yangu, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiha, aliniita "kadogo kangu". Kiambishi ka- si cha Kiswahili cha pwani. Katika Kiswahili sanifu udogo tunauonyesha kwa ki-, na mara nyingi ki- ina dharau kidogo. Lakini katika Kiswahili cha bara na cha Kongo ka- ni kiambishi cha mapenzi. Ukimwita mtoto "katoto" umemkumbatia.

Neno hilo hilo kadogo ndilo waliloitwa watoto wa jeshi la NRA la Uganda katika vita vya mwaka 1981 hadi 1986. Ilielezwa kwamba ni yatima wa Luwero waliohifadhiwa na jeshi. Kutoka hapo neno likavuka mpaka. Mwaka 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei, makadogo walikuwemo, wengine bunduki zikiwazidi urefu. Nilipokuwa shule ya msingi nilimsikia mama mmoja wa Kikongomani sokoni akilitamka neno hilo kwa namna nyingine kabisa, kwa sauti ya chini. Nilidhani anazungumzia mtoto mchanga. Nilipomuuliza bibi, aliniangalia tu, na tangu siku hiyo akaniita kwa jina langu la ubatizo.

Hebu tulihakiki neno hili kama tunavyohakiki shairi. Kadogo si jina, ni kipimo. Mtoto ameitwa kwa urefu wake. Tena ni kipimo chenye sauti ya mzazi, kwa hiyo kamanda anayelitumia amejiweka mahali pa baba. Je, hatujaliona hili? Ndiyo ile amri ya tarehe 12 Julai 1890, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Leopold alisema ulezi, kamanda anasema kadogo. Maneno yote mawili yanambembeleza mtoto huku yakimkabidhi bunduki. Na hili la pili, ndugu zangu, limo katika lugha yetu sisi, hatuwezi kumsingizia Conrad.

Je, ukoloni ni kisingizio?

Najua kuna mwalimu atakayeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Leopold alikufa 1909!" Ni kweli. Hakuwepo Ituri mwaka 2002 na 2003, wakati kundi la Thomas Lubanga lilipowaandikisha watoto wa chini ya miaka 15. Lubanga ni Mkongomani, na tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa kosa hilo, hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Alifungwa miaka 14. Sisemi kwamba mzizi unafuta kosa la mkono. Walter Rodney, aliyefundisha Mlimani na kuchapisha How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972, hakuwasahau Waafrika walioshirikiana na mfumo. Nasema tutaje vyote viwili, mzizi na mkono. Ukitaja mkono peke yake utapata "Afrika tu". Ukitaja mzizi peke yake, Lubanga atakushukuru.

Tena ile mahakama inatupa funzo la uhakiki. Mashahidi wengi walipewa namba na sura zao zikafichwa, lakini mshtakiwa alitajwa kwa jina lake kamili. Huo ndio mgawanyo sahihi wa majina, kinyume cha ule wa Iweala. Kesi ya Dominic Ongwen wa Uganda ni ngumu zaidi, kwa kuwa alitekwa na LRA akiwa mtoto, akakua akawa kamanda, na mwaka 2021 akahukumiwa miaka 25. Hapo sheria ililazimika kuuliza swali ambalo Birahima alikwishaliuliza mwaka 2000.

Na kwa yule mwenzetu wa "Afrika tu", nina taarifa moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliweka umri wa miaka 15 kuwa mpaka wa mtoto kupigana vitani. Mkataba wa Kiafrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, uliweka miaka 18. Dunia ilikuja kuufikia umri huo katika itifaki ya mwaka 2000. Kwenye karatasi, bara linalodhaniwa kuwa kwao askari mtoto ndilo lililotangulia kumkataa. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini sauti ilikuwepo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuficha jina la nchi na la mtenda si suala la fani pekee. Ni msimamo, hata pale mwandishi asipokusudia. Napendekeza kwamba tukikutana na kazi nyingine ya aina hii, iwe riwaya, filamu au tamthilia ya jukwaa letu wenyewe, tuulize maswali matatu. Nani amefichwa? Nani analindwa na kufichwa huko? Na mtoto anamsimulia nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sijaandika riwaya, na pengine sitaandika. Lakini mwenzetu akiuliza tena katika semina, "Jamani, hii ni nchi gani?", nisingependa kucheka. Ningependa tufungue ramani.